Epoksi iliyokataa kushika kwenye bakuli la mwembe

*"Mimi ni seremala hapa Kisumu, upande wa Kibuye. Nina mashine ya kukereza niliyoundiwa na mafundi wa chuma. Mteja anataka bakuli kubwa la mwembe lenye mkondo wa buluu katikati. Nilipata gogo lenye mpasuko mzuri, lilikuwa limekaa nje kama miezi miwili, nikamwaga epoksi humo, ile dawa ya majimaji ya chupa mbili, rezini na kigumishi cha kuigandisha. Kwa kuwa mteja ana haraka, nikaongeza kigumishi kidogo zaidi ya kilichoandikwa. Leo ni siku ya tano: sehemu kubwa bado laini, ukucha unaingia, chini pananata, na ndani kumejaa mapovu. Nilijaribu kukereza hivyo hivyo, kipande cha buluu kikachomoka kikagonga ukuta. Aliyeniuzia anasema ni hali ya hewa. Je, niliuziwa dawa mbovu? Naweza kuliokoa bakuli? Na litafaa kuwekea chakula? Halafu tangu juzi vidole vinaniwasha na vimetoka vipele vidogo."*

Ndugu fundi, hilo la vidole umeliweka mwisho kama jambo dogo, nami nitalianza kwanza. Bakuli linaweza kungoja.

Epoksi ambayo haijashika inawasha ngozi, na kigumishi chake huwasha zaidi. Kwa baadhi ya watu mambo hayaishii kwenye kuwasha. Mwili unaitambua kama adui, na ukishaitambua hausahau. Tangu siku hiyo tone dogo, au hata vumbi la epoksi changa, linatosha kuamsha vipele upya. Kuna mafundi wazuri walioacha kazi hii kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo kwa sasa usiguse kabisa, hata kile kipande kinachonata. Nawa kwa sabuni na maji. Usioshe mikono kwa petroli wala tina ya rangi (thinner), maana hivyo huondoa mafuta ya ngozi na kuipa epoksi njia ya kuingia ndani zaidi. Siku utakaporudi kazini vaa glavu za nitrili, zile ngumu kidogo kuliko za mpira wa kawaida, na uzitupe zikichafuka.

Vipele visipopungua katika siku chache, au vikipanda hadi usoni na kwenye kope, nenda kliniki ya ngozi katika hospitali ya kaunti au ya rufaa, na ubebe picha ya maandishi yaliyo kwenye chupa zote mbili. Kifua kikibana au ukianza kukohoa kila unapochanganya au kupiga msasa, usisubiri kesho. Hilo ni la daktari siku hiyo hiyo. Mtaalamu akithibitisha kwamba mwili wako umeikataa epoksi, ushauri wangu ni mmoja na sitaupamba: endelea kukereza mbao, umwagaji wa epoksi afanye mtu mwingine.

Sasa tuje kwenye dawa yenyewe, yaani epoksi uliyouziwa. Kwa maelezo yako sidhani kwamba ni mbovu. Unaweza kuhakikisha kwa gharama ndogo: pima gramu chache tu kwa uwiano ulioandikwa, bila kuongeza wala kupunguza, changanya vizuri (kwa glavu, au umwombe mwenzako), acha kikombe kivulini. Kikishika kigumu ndani ya muda ulioandikwa kwenye chupa, dawa ni nzima na muuzaji hana deni lako. Kikibaki laini, mrudie na kikombe chenyewe mkononi, si na maneno.

Kosa lilipo ni kwenye kile "kidogo zaidi" cha kigumishi. Wengi hukifanya, na najua kilikotoka. Mafundi wetu wa mitumbwi ya faiba, matangi na bodi za matatu wamezoea rezini ya poliesta, inayowekewa matone ya dawa ya kuamsha, gramu 1 au 2 kwa kila gramu 100. Ile dawa kazi yake ni kuanzisha moto tu. Ukizidisha tone, rezini inawahi kushika. Mazoea hayo yakahamia kwenye epoksi, nayo haina uhusiano na mambo hayo.

Kwenye epoksi, kigumishi ni nusu ya kitu chenyewe. Fikiria watu wanaoshikana mikono kufanya wavu mmoja mkubwa: chembe za rezini zina mikono yake, za kigumishi zina yake, na kila mkono wa huku unatafuta mkono wa kule. Idadi ikilingana, wote wanashikana na wavu unakaza. Ukiongeza kigumishi, kuna chembe zinazobaki mikono mitupu, zimekwama katikati ya wavu, zikiulegeza. Hazina pa kwenda. Hazitakauka kesho wala mwezi ujao, kwa sababu epoksi haikauki kama rangi inayopoteza maji au tina hewani. Inashikana, au haishikani. Ule ulaini ambao ukucha unaingia sehemu kubwa ya mkondo ni dalili ya uwiano uliokosewa.

Pale chini panaponata ni kesi nyingine. Nina hakika ulikwangua kikombe mpaka tone la mwisho, maana epoksi ni ghali na hakuna anayependa kuitupa. Lakini kwenye kuta na kitako cha kikombe hubaki rezini ambayo haikukutana vizuri na kigumishi, na ukiikwangua unaimwaga jinsi ilivyo. Changanya polepole kwa dakika 3 hadi 5, ukipitisha kijiti pembeni na chini. Kisha hamishia yote kwenye kikombe cha pili kisafi, changanya tena kwa kijiti kipya. Mabaki ya kikombe cha kwanza yaache hapo hapo.

Na upime kwa mizani. Mizani ndogo ya jikoni ya kidijitali inakutosha. Angalia tu chupa imeandika uwiano wa uzito au wa ujazo, kwani si sawa: kigumishi kwa kawaida ni chepesi kuliko rezini. Tuseme chupa imeandika 100 kwa 50 kwa ujazo na 100 kwa 45 kwa uzito. Ukiweka rezini gramu 300 kwenye mizani, kigumishi chako ni gramu 135. Ukipima gramu 150 umeshazidisha, na ulidhani umefuata maandishi.

Muuzaji aliyesingizia hali ya hewa amesema nusu ya ukweli. Joto la Kisumu halizuii epoksi kushika. Huiharakisha. Kwa makadirio ya mafundi, kila nyuzi 10 za Selisiasi zinapoongezeka, muda wako wa kufanya kazi hupungua kwa nusu hivi. Epoksi iliyoandikwa dakika 40 kwa nyuzi 20 inaweza kukupa dakika 20 tu saa nane mchana chini ya bati. Huku kwetu Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, shida ni kinyume chake. Usiku wa baridi epoksi inakuwa nzito, mapovu yanashindwa kupanda, na kilichopaswa kushika kwa siku moja kinachukua mbili au tatu. Wakati mwingine rezini hugeuka nyeupe yenye chengachenga ndani ya chupa, mtu akafikiri imeharibika. Haijaharibika. Iweke chupa, ikiwa imefungwa, kwenye maji ya nyuzi 50 hivi hadi iwe angavu tena, kisha uiache ipoe kabla ya kupima.

Unyevu ndio sehemu ya hali ya hewa inayoweza kukusumbua wewe wa kando ya ziwa. Hewa ikiwa nzito, juu ya epoksi hutokea utando wenye utelezi kama wa nta. Ni kigumishi kilichokutana na maji na hewa ya ukaa. Uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ukaushe, ndipo upige msasa. Ukipiga msasa kwanza unausukuma ndani, na tabaka linalofuata halitashika. Ila utando huo ni wa juu tu. Hauwezi kufanya mkondo mzima uwe laini hadi chini.

Mapovu yako yalitoka kwenye gogo. Mwembe uliokaa nje miezi miwili ni mbichi, hata kama ganda limekauka na ncha zimepasuka. Kanuni ya zamani ya maseremala ni mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene, kivulini, hewa ikipita. Epoksi inaposhikana hutoa joto lake yenyewe. Joto hilo linapasha ukuta wa mbao, maji yaliyomo yanageuka mvuke, na mvuke unatokea pale pale rezini inapoanza kuwa nzito kiasi cha kuuzuia. Mbao ya kumwagia epoksi inatakiwa iwe na unyevu chini ya asilimia 12, na 8 hadi 10 ni bora zaidi. Hewa ikiwa na unyevunyevu wa asilimia 65, mbao hutulia karibu na hiyo 12 na kukataa kushuka. Kwa hiyo Kisumu, hasa wakati wa mvua ndefu, kivuli peke yake kinaweza kukuacha mlangoni. Mbao imalizie ndani ya chumba kikavu, juu karibu na bati, kwa wiki kadhaa.

Huna kipima unyevu? Mizani ile ile itakusaidia. Pima kipande, andika uzito kwa kalamu juu yake, pima tena kila wiki. Siku uzito utakapoacha kushuka kwa wiki tatu mfululizo, kimetoa kinachoweza kutoa mahali hapo.

Lakini usikaushe gogo zima. Hapa ndipo mkereza ana nafasi ambayo mtengeneza meza hana. Likereze likiwa bichi, kwani bichi hukatika vizuri kuliko kavu, uache ukuta mnene kama sehemu moja ya kumi ya upana: bakuli la sentimita 25, ukuta wa milimita 25. Paka nta au rangi ya zamani kwenye ncha za nyuzi ili zisikauke kwa haraka kuliko pande nyingine, kisha uliweke. Litajipinda, na lijipinde tu. Ukuta mwembamba hivyo unakauka kwa miezi michache badala ya miaka. Likitulia ndipo unapomwaga epoksi, unalirudisha kwenye mashine na kulimalizia.

Hili ndilo linaloeleza kipande kilichoruka. Epoksi iliyoshika haisinyai tena kwa maana yoyote ya kukusumbua, lakini mbao mbichi inaendelea kusinyaa kwa miezi. Ukuta unajivuta kutoka kwenye epoksi, unabaki ufa mwembamba usioonekana, halafu mashine inazunguka na kila kilicholegea kinatafuta njia ya kutoka. Ongeza kwamba epoksi yenyewe haikushika. Ilikuwa bahati kwamba kilichopokea kipande ni ukuta.

Siku ya kumwaga tena, kwangua mpasuko wote utoe ganda na mbao iliyolainika, upige msasa mkali wa namba 80 ili kuwe na mikwaruzo ya kushikilia, na upulize vumbi. Mbao zenye mafuta, kama mpingo na mtiki, zifute kwa asetoni dakika chache kabla. Kisha paka kwa brashi tabaka jembamba la epoksi ile ile kwenye kuta za mpasuko, lizibe vitundu vya mbao. Lisubiri mpaka linate bila kuganda kwenye glavu, ndipo umwage. Ukifika katika hatua hiyo ya kunata, tabaka mbili zinashikana zenyewe. Ukichelewa mpaka ya kwanza iwe ngumu, itabidi upige msasa kwanza. Mwaga jioni, wakati mbao inapoa. Asubuhi hewa iliyo ndani ya mbao inapanuka kadiri jua linavyopanda, na inatokea ndani ya kazi yako. Jioni inasinyaa na kuivuta epoksi ndani. Najua Kisumu mvua hupenda kuja jioni pia, kwa hiyo funga dirisha.

Angalia pia ulinunua epoksi ya aina gani. Kuna ya kupaka juu ya meza, nzito na ya kushika upesi, ambayo haitakiwi kuzidi milimita chache kwa mmwago mmoja, na kuna ya kumwaga kwa kina, nyepesi na ya polepole, inayovumilia sentimita 2 hadi 5 kutegemea mtengenezaji. Ukimwaga ile ya meza kwenye shimo refu, joto lake linajikusanya, inapasuka, inageuka manjano, na hata kutoa moshi. Kikombe chenye mabaki mengi kinaweza kuchemka hadi plastiki ikayeyuka. Usikiache ndani ya karakana yenye maranda na kwenda kula. Kisambaze kwenye kitu bapa, kitolee nje.

Unauliza kama linaokoleka. Kupaka kigumishi juu hakusaidii, wala kulianika juani, wala kulifunika tabaka jipya na kuomba Mungu. Joto husaidia epoksi iliyochanganywa sawa ikacheleweshwa na baridi. Yako haikuchelewa. Kilichobaki ni kuichimbua yote, nje penye hewa, na anayechimbua asiwe wewe mpaka ngozi yako ipone. Afute kwa spiriti, na mbao ikaushwe kama nilivyoeleza. Ukiniuliza mimi, gogo hilo nisingelitolea jasho zaidi. Lina ufa, bado bichi, na limeshalowa kigumishi. Tafuta kipande kikavu.

Usikereze epoksi kabla haijapiga siku zake. Kuwa ngumu kwa kidole ni jambo la siku moja hadi tatu. Kushika kikamilifu ni siku 7 na zaidi, na nyingine huhitaji wiki kadhaa. Kwa kasi, zidisha upana wa bakuli kwa inchi na mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 10 basi ni mizunguko 600 hadi 900, na likiwa bado halijasawazika anza chini ya hapo. Hii mashine yako ya kuundiwa, je, ina njia ya kupunguza kasi? Kama ni mota na mkanda mmoja tu, muombe fundi aliyeiunda akuwekee magurudumu ya ngazi (puli za ukubwa tofauti za kuhamishia mkanda) kabla ya kuzungusha chochote kikubwa. Vaa ngao ya uso mzima, maana miwani inalinda macho tu na taya ni lako pia, na usisimame kwenye mstari wa mzunguko. Patasi iwe kali. Epoksi nzuri hutoka utepe mrefu unaojizungushia kwenye taya za mashine. Zima kwanza, ndipo uutoe. Wakati wa msasa punguza kasi na utumie maji, kwa kuwa epoksi nyingi za kazi hizi huanza kulegea kwenye nyuzi 50 au 60 tu, na msasa mkavu hufika huko upesi. Barakoa ya vumbi ya kiwango cha N95 ni ya lazima, si ile ya kitambaa tuliyobaki nayo tangu korona.

Joto hilo hilo ndilo jibu la swali la chakula. Epoksi iliyopimwa sawa na kushika kabisa huwa tulivu, na zipo ambazo watengenezaji wake wanazipitisha kwa kugusana na chakula zikishashika. Soma karatasi ya maelezo ya bidhaa yako, na ukumbuke kwamba idhini hiyo haijumuishi ile rangi ya buluu uliyoongeza. Bakuli la ndizi, maembe na machungwa yenye maganda yake, mimi sina wasiwasi nalo. Githeri ya moto, uji, chai, mchuzi wenye ndimu, kukatia nyama ndani yake, hapana, na mwambie mteja hivyo kabla hajalipa. Hili ulilo nalo sasa lisiwekewe hata karanga. Mwambie pia asiliweke dirishani kwenye jua, buluu itageuka kijani kadiri epoksi inavyopata umanjano.

Maranda je? Najua Kibuye maranda hayatupwi: yanaenda kwenye jiko au kwenye banda la kuku. Yenye epoksi yatenganishe. Moshi wake ni sumu na kuku hudonoa kila kitu. Mabaki yaliyo majimaji yaache yagande kwanza ndipo yaende na taka ngumu, yasiende kwenye mtaro unaoelekea ziwani.

Imebaki haraka ya mteja. Ufa ukiwa mwembamba, tuseme chini ya milimita 5, huenda huhitaji epoksi hata kidogo. Nenda kwa wale wanaokata funguo barabarani, waombe unga wa shaba nyeupe (brasi, ile yenye rangi ya dhahabu) unaobaki chini ya mashine yao, ujaze ufa, uudondoshee gundi nyepesi ya papo kwa papo, kisha ukereze. Unapata mshipa wa dhahabu kwa bei ya soda. Unga wa jiwe la sabuni, lile laini la kuchongea linalotoka Tabaka huko Kisii, nao unafanya kazi hiyo na una rangi nzuri ya maziwa na waridi, ila uukaushe vizuri kwenye sufuria kwanza na uvae barakoa unapousaga. Mkondo mpana wa buluu ndio unaohitaji epoksi, na epoksi inahitaji mbao kavu, nayo mbao kavu inahitaji muda ambao mteja hajakupa. Mpigie simu leo. Mpe bakuli la mshipa mwembamba kwa mbao kavu uliyo nayo, au mpe tarehe mpya ya lile la buluu na ulitoze bei inayolipia dawa uliyomwaga bure. Akikataa yote mawili, mrudishie arubuni yake.